Ulfgar na Mwimbaji wa Illinois

Jumamosi, 11 Januari

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mchezo leo kwa Harlan, chumba cha chini ya nyumba, kama kila Jumamosi. Harlan Zastrow ndiye msimulizi wetu. Daktari wa meno mstaafu, mpole, msumbufu. Anasimulia mapango na majoka, sisi tunarusha dadu na kujibu. Wifi yangu Bev anacheza mchawi. Mimi nacheza mpiganaji, Ulfgar. Na sasa yupo huyu Quentin, mwalimu mpya wa maigizo. Katoka Illinois, jimbo jirani tusilolipenda. Anacheza mwimbaji.

Mwimbaji! Tunaingia pango la buibui wenye ukubwa wa ng'ombe, mwenzetu kabeba zeze.

Ulfgar alipiga buibui mmoja. Mmoja! Bev akarusha tufe la moto, buibui wote wengine wakawa majivu. Kabaki malkia wao. Nikanyanyua dadu langu, tayari kwa shoka. Quentin akasema ngoja kwanza, anataka kuzungumza naye. Akaigiza sauti. Akaigiza mpaka mikono. Akamwuliza malkia wa buibui kama ana upweke. Malkia akalia, akatoa funguo za ngome ya joka. Harlan alikuwa anafuta miwani kwa furaha. Bev alipiga makofi.

Ulfgar alikuwa ameshika mlango wa pango, tusivamiwe kwa nyuma. Kazi yake ya siku nzima, kushika mlango.

Halafu chakula. Nilipika viazi na nyama ya kusaga, jibini juu, nikaoka mpaka ikashika rangi. Quentin akaonja, akasema kina ladha ya aina yake. Huku Wisconsin huwezi kumtukana mpishi zaidi ya hapo. Visheti vyake vya karanga viliisha vyote. Nilikula kimoja tu, kwa uchunguzi.

Jumapili, 12 Januari

Nilimbana Harlan kwenye kahawa baada ya ibada. Nikamweleza kwa utulivu, ingawa Bev anadai nilisikika mpaka kwenye maegesho. Nikamwambia mchezo hauna usawa. Mchawi anaua kumi kwa neno moja. Mwimbaji haui mtu lakini anapita kila mlango. Mpiganaji anapiga, anapigwa, anashika mlango. Kazi zote za wahusika zinapaswa kulingana! Nikamwonyesha hesabu kwenye kitambaa cha karatasi.

Harlan akaitazama hesabu kama jino lililooza. Akaniuliza, Ulfgar anataka nini maishani?

Nikamwambia anataka kupiga kwa nguvu zaidi.

Akauliza, zaidi ya hapo?

Zaidi ya hapo nini? Ni mpiganaji! Nilirudi nyumbani nimenuna, nikakoroga uji wa mahindi mpaka ukawa zege.

Jumanne, 14 Januari

Theluji tangu alfajiri. Naendesha basi la shule nyuma ya gari la kusukuma theluji, mwendo wa konokono, na hapo ndipo akili iliponijia. Nilipiga honi kwa furaha. Watoto wakashangilia bila kujua kwa nini.

Udhaifu wa Quentin nimeujua. Hawezi kunyamaza. Katikati ya hatari anatoka kwenye uhusika, anatania, anamwuliza Bev ushauri, hivi joka anapenda nini, hivi nikimwambia hivi itakuwaje. Kumbe anaigiza kwa kuibia!

Basi iwe sheria. Likisemwa mezani, limesemwa na mhusika. Utani, ushauri, upuuzi, vyote. Amtanie joka aone.

Nikampigia Bev simu anisaidie kura. Bev akacheka sana. Akasema, "Sawa wifi, nakuunga mkono. Ila kati yetu sote mwenye mdomo ni nani?" Nikamwambia hayo ni mambo ya pembeni.

Jumamosi, 18 Januari

Sijui nianzie wapi.

Sheria ilipita. Harlan aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, kwa ile sauti yake ya kabla ya kung'oa. Nikasema Harlan, mimi si mtoto.

Tukaingia ngome. Haukupita muda Quentin akauliza choo kiko wapi. Nikaruka. Nikasema mmesikia, mwimbaji kamwuliza mlinzi wa ngome choo kiko wapi! Harlan akakubali. Mlinzi akamwonea huruma, akampeleka kwenye choo cha walinzi, na nyuma ya choo kulikuwa na mlango wa siri unaokwenda moja kwa moja kwa joka.

Nilitaka kulia.

Nikasema, "Nani kamaliza jibini?" Ulfgar naye akasema hivyo hivyo, kwa sauti, ndani ya njia ya siri. Tukavamiwa na popo.

Kwa joka. Mkubwa, mweusi, amelalia dhahabu. Nikapanga dadu zangu. Safari hii ni ya shoka, nikajiambia, safari hii hakuna mlango wa kushika. Quentin akapiga zeze. Joka akatega sikio. Quentin akamwuliza kwa nini analinda dhahabu peke yake, hachoki? Joka akasema anachoka sana. Akasema laiti angepata mlinzi mmoja mwaminifu, angetuachia njia. Bev akaanza kutabasamu. Na Ulfgar? Ulfgar kasimama! Hata dadu halijarushwa!

Nikapandwa na hasira. Nikasimama mpaka kiti kikaanguka. Nikasema, na nayaandika kama yalivyotoka:

"Heri nimtumikie huyu joka kuliko kutembea na mwimbaji wa Illinois! Joka angalau ana haki! Anaunguza wote sawasawa!"

Nikasikia friza inanguruma.

Harlan akaweka penseli chini, polepole. Akasema kwa sauti ya joka, "Nimekubali."

Nikasema hapana, huyo alikuwa mimi, si Ulfgar. Harlan akasema, Ardis, sheria ni yako. Quentin, kwa unafiki wake wote, akaomba nisamehewe. Nikamwambia asinihurumie.

Harlan akamchukua Ulfgar. Kila mhusika ana sanamu yake ndogo ya bati mezani, na ya mhusika aliyepotea hupandishwa kwenye rafu juu ya friza, pamoja na wafu wote wa miaka yote. Ulfgar yuko huko sasa. Kaegemea kopo la rangi.

Nikaondoka kwa hasira. Huku kwetu kuondoka kwa hasira ni kuvaa koti na buti, kisha kusimama mlangoni unazungumza na mke wa Harlan habari za barabara, za goti lake, za binti wa dada yake, jasho likikutiririka mgongoni. Akanipa supu ya bia na jibini nibebe. Nikashukuru. Nikaenda kubamiza mlango wa gari.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda kwenye kahawa. Waseme watakavyo.

Sanamu ile aliipaka rangi kaka yangu Lyle. Alinipa nilipotimiza miaka arobaini. Ndevu za Ulfgar alizichora kwa kijiti cha meno, unywele kwa unywele, na nembo ya ngao ni yule mbwa wetu wa utotoni. Lyle alicheza mchawi siku hizo. Kisha akamkimbia mkewe Bev, akahamia Arizona na mwanamke anayefundisha gofu. Hakuaga mtu. Jumamosi moja kiti chake kilikuwa kitupu, basi. Bev alibaki na mbwa wao na mchawi.

Nikamtumia Lyle ujumbe kwamba Ulfgar katekwa. Akanijibu kwa picha ya mti wa miiba na jua.

Namtaka Ulfgar wangu. Nimelia kidogo. Mashine ya joto inatoa vumbi mwaka huu.

Jumatano, 22 Januari

Bev kaja na sufuria ya kuku na tambi. Hakuvua buti, maana yake alikuja kusema jambo. Akasema Jumamosi wanakwenda kwa joka kumdai Ulfgar. Quentin ana wimbo. Yeye Bev ana maneno yake. Harlan kasema kama Ulfgar mwenyewe atatamka kwamba anataka kurudi, kiapo chake kwa joka kitavunjika.

Nikamwambia sijui kuigiza.

"Nani kakwambia uigize? Sema tu unachotaka."

Nikamwuliza ni dadu gani litarushwa. Akanitazama hivi. "Wifi, sentensi moja. Funga mdomo kabla yake, funga mdomo baada yake. Unaweza?"

Nikamwambia asinifundishe kufunga mdomo kwenye nyumba yangu. Lakini alipoondoka nilijaribu. Nimejaribu na ndani ya basi, likiwa tupu, kwenye kioo cha dereva. "Nataka kurudi nyumbani." Kwa sauti nzito ya Ulfgar. Inapendeza! Mara ya mwisho nilikaribia kuingia mtaroni.

Jumamosi, 25 Januari

Nilifika mapema. Nikakaa. Nikanyamaza! Harlan aliniuliza kama naumwa.

Wakafika kwa joka. Quentin akapiga zeze, na safari hii alileta zeze la kweli. Akaimba habari za mtu aliyeshika mlango. Kila mlango, kila pango, wenzake wakapita salama kwa sababu yeye kaushika. Ubeti mmoja ulikuwa wa buibui. Sikujua kama kuna mtu aliyekuwa ananiona pale mlangoni. Akarusha dadu, likaangukia ishirini, namba ya juu kabisa.

Kisha Bev. Hakuigiza sauti yoyote. Aliweka mikono mezani, akasema, "Ulfgar. Mmoja alishaondoka meza hii bila kuaga. Nilikaa na kiti chake kitupu. Sitaki kukaa na cha pili. Rudi."

Harlan akainuka, akamshusha Ulfgar kutoka juu ya friza. Akamfuta vumbi kwa kidole. Akamweka katikati ya meza, kati ya joka na wenzake, akaniuliza taratibu, Ulfgar anasemaje?

Nikafungua mdomo. Sentensi ilikuwa pale pale ulimini. Machozi yananilenga, Bev naye yanamlenga.

Na macho yangu yakaangukia karatasi ya Quentin, yenye hesabu za mhusika wake.

Ngazi ya sita tu. Mwimbaji wa ngazi ya sita, na wimbo mmoja unavunja kiapo cha joka, kwa zamu moja! Mchawi mwenyewe hana uwezo huo! Mpiganaji akitaka kuvunja kiapo hapewi hata dadu!

Nikasema, "Ngojeni kwanza. Hii haiwezekani. Nakataa."

Friza ikanguruma tena.

Harlan akafumba macho. Akasema, "Ulfgar amekataa."

Quentin akaruka. Akasema tuifute hiyo sheria jamani, tuifute sasa hivi, nani atajali? Harlan akasema anaunga mkono. Bev akasema, "Wifi, kubali. Nakuomba, kubali." Na mimi nikawaambia sheria haifutwi katikati ya mchezo kwa faida ya mchezaji mmoja. Huo si usawa.

Bev akachukua koti lake. Harlan akampandisha Ulfgar juu ya friza.

Mlangoni hapakuwa na mazungumzo. Mke wa Harlan alisema usiku mwema. Hakuna aliyenipa chakula cha kubeba.

Jumapili, 26 Januari

Nimelala vibaya, lakini nimeamka na jibu.

Kosa halikuwa sheria. Sheria ni nzuri sana. Kosa ni kwamba mhusika wangu alikuwa na uwezo wa kusema. Kwa hiyo nimeunda mhusika mpya. Mwimbaji! Nimepiga hesabu, na mwimbaji anayepiga ngoma tu ana nguvu kuliko mwenye zeze, maana ngoma huongeza pigo la kila mtu. Na nimemfanya bubu. Bubu kabisa, tangu kuzaliwa. Sasa wanikamate kwa neno gani?

Nikampigia Harlan simu. Alikuwa mpole, kwa ule upole wake wa kunikera. Akaniuliza huyu bubu anataka nini maishani. Nikamjibu kwa hasira, bila kufikiri, kwamba anataka kumtoa rafiki yake kwa joka, basi, angetaka nini kingine?

Akasema, "Hatimaye, Ardis." Sijui alimaanisha nini. Akasema Bev atafurahi, niwahi Jumamosi, na nilete vile viazi.

Kisha akauliza, na Jumamosi ukitaka kubishana, bubu atabishanaje?

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nimechukua kalamu nene kutoka ofisi ya mabasi, na karatasi kubwa za kubandika. Ya kwanza nimeshaiandika, ili nisipoteze muda. Inasema: WIMBO WOWOTE WA MTU WA ILLINOIS UHESABIWE NUSU.