Kondoo wa Ciakuthii

Munyi wa Runyenjes hakuwahi kumwibia mtu. Watu walimpa. Tofauti hiyo aliiheshimu sana, na wakati mmoja alimweleza askari wa Embu kwa saa nzima, mpaka askari mwenyewe akamlipia nauli ya kurudi nyumbani.

Jumatatu moja ya Agosti alikuwa katika hoteli ndogo karibu na soko la Meru, akila chapati na maharagwe kwa hisani ya kijana ambaye Munyi alikuwa amemwahidi kazi. Kwenye meza ya nyuma yake walikuwa wanawake wawili.

"Beth, niangalie vizuri," alisema mmoja. "Miaka mitatu sijalala nje ya ile nyumba. Tangu mama mkwe avunjike nyonga ni mimi tu. Kumlisha mimi, kumgeuza mimi, kumwinua mimi. Mashemeji wanapiga simu Krismasi."

"Na Mukiri anajifungua lini, Mwalimu?"

"Alhamisi, kwa upasuaji, huko Embu. Mtoto wangu wa pekee, na sitakuwepo. Nani atabaki na mama?"

"Ningebaki mimi, lakini mgongo wangu hauinui hata debe."

"Aki, mtu akitokea wa kunishikia siku nne tu, mama amesema atampa kondoo wake. Yule wa jikoni."

Munyi aliacha kutafuna. Habari za nyonga zilimpita, na za upasuaji pia. Alikuwa amesikia kondoo.

Hakuwa kondoo wa kawaida. Akina mama wa zamani wa pande zile hufuga kondoo dume katika kizizi kidogo ndani ya jiko, wakimlisha malando ya viazi vitamu kwa mkono, asubuhi na jioni. Mnyama haoni jua wala hatembei. Kazi yake ni kunenepa. Akikaa humo mwaka mmoja na nusu, mkia peke yake hujaza sufuria. Munyi alizijua bei za soko la Embu kama Mkristo anavyozijua amri kumi, na pengine alizitii zaidi.

Jumanne asubuhi alipanda hadi mtaa wa Kaaga, alikowaona wale wanawake wakielekea, akiwa na koti jeupe la mitumba, kitambulisho cha plastiki kifuani, mashine ya kupimia presha, na karatasi zilizoandikwa juu kwa herufi nene: MPANGO WA PUMZIKO KWA WALEZI WA WAZEE. Kabla ya kuingia bomani alisimama kwenye kioski, akanunua peremende moja, na kwa peremende hiyo akapata habari zote: mlezi ni Mwalimu Cicily, mjane aliyestaafu, mama mkwe ni Ciakuthii, umri miaka themanini na minne, mume wa Ciakuthii, marehemu Mwongera, alitoka ukoo fulani. Munyi aliurudia ule ukoo mara tatu asije akausahau. Alikuwa mtu wa maandalizi.

Ciakuthii alikuwa kwenye kiti cha mbao mlangoni, blanketi magotini.

"Muga, mama!"

"Muga. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Mwirigi, mama. Natoka kwa mpango wa kusaidia wanaotunza wazee. Tunakuja nyumbani, tunakaa na mzee siku nne, mlezi anaenda kupumzika."

"Sijauliza mpango. Nimeuliza wewe ni wa nani. Ukoo."

Munyi akautaja ukoo wa marehemu Mwongera, polepole, akitazama chini kama mtu anayeona haya kujisifu.

Mwanamke mzee alimkagua kuanzia kitambulisho hadi viatu. Kisha akatabasamu kwa meno yote manne.

"Kumbe ni mtoto wetu! Cicily, leta chai. Mtoto wa nyumbani amekuja."

Munyi alijipongeza kimoyomoyo. Utafiti wake ulikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na hatari yake, ingawa ilimchukua siku nne kuiona.

Alimpima Ciakuthii presha: mia na ishirini juu ya themanini. Akampima Cicily: mia na ishirini juu ya themanini. Akaiweka mashine mezani, akatoa karatasi. Masharti yalikuwa rahisi. Mpango hautozi pesa. Familia hutoa mnyama mmoja kama shukrani. Na ili mtu yeyote asishuku, Munyi mwenyewe alikuwa ameongeza sharti la tano: *Mzee ahudumiwe kwanza, mnyama atolewe baadaye.* Sharti hilo lilimpendeza sana. Lilikuwa na sura ya uaminifu na halikugharimu kitu, kwa kuwa alikusudia kuondoka na mnyama aliyepewa kwa sahihi kabla huo wakati wa baadaye haujafika.

"Kondoo utamchukua Jumamosi nikirudi," Cicily alisema, akitia sahihi. "Umeridhika, Bwana Mwirigi?"

"Mwalimu, mimi naridhika nikiona mzee ameridhika."

"Hiyo imetoka mahali pazuri," alisema Cicily, na hakusema ni mahali gani.

Kabla ya jioni Beth, jirani yao, alikuwa amempeleka kwa familia nyingine tano. Wote walitia sahihi. Mbuzi watano na kondoo mmoja: Munyi alimpigia simu Njue, rafiki yake mwenye pikapu.

"Njoo kesho, ndugu."

"Kesho niko Mitunguu napakia ndizi za watu. Mpaka Jumamosi."

"Jumamosi ni mbali!"

"Basi beba kondoo mgongoni."

Jumatano asubuhi, Cicily alipopotea tu kwenye kona na mkoba wake, Munyi aliingia jikoni kuona kama ushauri huo unatekelezeka. Alimkumbatia kondoo tumboni akavuta. Kondoo hakusogea. Akavuta tena. Kondoo aliketi.

"Mwirigi!" Ciakuthii aliita kutoka chumbani. "Unamsalimia?"

"Namzoea, mama!"

"Vizuri. Usipomzoea hatakula, na asipokula siku mbili nusu ya mafuta imekwenda."

Munyi alikuwa na hesabu yake ya mafuta, kwa hiyo akaleta malando. Kondoo aligeuza uso. Ilibainika kwamba hula akisikia sauti ya Ciakuthii tu, na Ciakuthii hakuwa na sauti mpaka ainuliwe kitandani, aketishwe kwenye kiti, na apewe uji.

"Huu una mabonge."

"Mabonge ni nguvu, mama."

"Basi yale wewe. Nipikie mwingine."

Ndivyo siku zilivyokwenda. Beth alikuja kumwogesha, kwa sababu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Ndoo za maji kutoka mferejini, hizo zilikuwa za mtoto wa kiume. Kila baada ya saa mbili alimgeuza Ciakuthii ubavu, jinsi Beth alivyomwonyesha: mkono mmoja begani, mwingine nyuma ya goti, usivute ngozi. Alimpa dawa ya saa mbili na ya saa nane. Alimpeleka chooni na kumrudisha. Alisikiliza historia ya mashemeji wote. Kila alipochungulia njia ya kutokea, Beth alikuwa ng'ambo ya ua akichambua maharagwe, na Munyi alianza kushuku kwamba yalikuwa maharagwe yale yale tangu Jumatano.

Alhamisi mchana Ciakuthii aliomba simu.

"Nataka kuongea na Cicily. Leo ndiyo siku."

Munyi akapiga, akampa, akaenda kuponda mukimo wa viazi na mahindi. Alimsikia mwanamke mzee akishangilia: mtoto wa kike, salama, na mama yake salama. Cicily alikuwa pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji walipomtoa. Munyi alijikuta ametabasamu, akakunja uso mara moja na kuendelea kuponda. Maongezi yaliendelea nusu saa nyingine, kwa vicheko, mpaka simu ikaisha salio.

Ijumaa jioni uji haukuwa na mabonge. Kondoo alikula mkononi mwake. Munyi alilala usingizi wa mtu aliyefanya kazi, jambo lililomshangaza.

Jumamosi saa nne Njue aliegesha pikapu langoni, ikiwa tupu na safi. Dakika tano baadaye zilikuja zile familia tano, na Munyi akatoka kuzipokea akiwa na kamba sita mkononi.

Mbele alikuwa Salesio, fundi wa baiskeli, akisukuma wilbaro iliyotandikwa godoro. Juu ya godoro alikaa baba yake, amevaa kofia ya Jumapili. Nyuma yao Alice alikuwa amemshika nyanya yake mkono. Na nyuma ya Alice, wengine, kila mmoja na wake.

"Mbuzi wako wapi?" Munyi aliuliza.

"Baadaye," alisema Salesio, akishusha wilbaro. "Sharti la tano. Beth amesema huyu mama amenenepa kwa siku nne. Baba anapenda uji mwepesi."

"Lakini nyinyi ni watano!"

"Hesabu sita," alisema nyanya yake Alice. "Mimi nakula kwa wawili."

Munyi alirudi nyuma hadi jikoni kuokoa alichoweza. Kizizi kilikuwa kitupu. Nyuma ya jiko, wanaume wawili walioingia alipokuwa mferejini walikuwa wakimaliza kuchuna ngozi juu ya majani ya migomba, na Cicily, aliyerudi na gari la asubuhi, alikuwa akiwapa sufuria.

"Mwalimu! Huyo ni kondoo wangu!"

"Ni wako," alijibu Ciakuthii kutoka kwenye kiti chake. "Ungekuwa mgeni, ningekupa mzima uende naye. Lakini wewe ni mtoto wa ukoo wetu, ulisema mwenyewe. Sasa mtoto nitamlipaje kwa kunipa uji? Mtoto anachinjiwa, anakula na watu wake. Mletee kiti."

Munyi aliketi. Alimgeukia Cicily, akauliza kwa sauti ndogo, "Ulijua lini?"

"Jumanne. Mashine yako ilimpa mama presha sawa na yangu. Ukaiweka mezani, ikaipa meza hiyo hiyo."

"Na bado ukaniachia mama yako?"

"Mama aliamua mwenyewe. Nyonga ndiyo iliyovunjika, si kichwa. Na Beth alikuwa uani na namba ya chifu." Cicily alimkatia kipande cha ini. "Nilitafuta watu waaminifu miaka mitatu. Wote wanaomba radhi siku ya pili na kwenda. Nilihitaji mtu ambaye hangeondoka. Nikakuona jinsi ulivyokuwa ukimtazama yule kondoo."

Watu walikula. Na kwa kuwa walezi sita hawakuwa wamewahi kuketi mahali pamoja, mazungumzo yakageukia nani anaweza kumshikia nani, siku gani. Cicily akageuza karatasi za Munyi upande wa nyuma na kuanza kupanga zamu. Zilikuwa karatasi nzuri. Zilikosa ukweli tu, na huo uliongezwa kabla ya supu kuiva.

Hakuna aliyemzuia Munyi alipoinuka. Hakuwa amechukua kitu. Ciakuthii alimpa mkono wa kondoo uliofungwa kwenye jani la mgomba.

"Wa mama yako," alisema. "Nenda salama, Munyi."

Munyi alikuwa ameshapita lango aliposhtuka kwamba hakuwahi kumtajia jina hilo.

Njue alicheka kutoka Meru hadi Chuka, akapumzika, akaendelea. Munyi alishika nyama yake, akiwaza ni mwenye hoteli gani wa Embu angeichukua. Walipokaribia stendi ya Runyenjes, Njue alipunguza mwendo.

"Si huyo ni mama yako?"

Alikuwa yeye, Mama Rwamba, amesimama kando ya barabara na mkongojo wake, mtandio mpya kichwani. Mwanawe hakuwa ameonana naye tangu uchaguzi uliopita. Kando yake, juu ya mizigo yao, waliketi wanawake wawili wazee kuliko yeye.

"Ciakuthii wa Meru aliona 'Mama' kwenye simu yako, akanipigia Alhamisi, akasema utapita leo," alisema, akifungua mlango wa pikapu mwenyewe. "Mama mwenye heshima. Anasema unajua kugeuza mtu bila kumvuta ngozi, na uji wako unaanza kunyooka. Hawa ni majirani zangu, nao hawana wa kuwatunza. Shuka, uwashike mkono wapande. Na hiyo nyama nipe mimi, isije ikapotea njiani."