Idara ya Mshangao wa Bei

"Umma unatangaziwa kwamba kuanzia mwezi huu bei mpya ya mafuta itakuwa siri mpaka itakapotangazwa, na madereva wote wa Unguja, wa mjini na wa shamba, wanaombwa kushangaa kwa pamoja, kwa utulivu, na bila ya kusukumana."

Tangazo alilisoma Bwana Mahfoudh mwenyewe, Mkuu wa Idara ya Mshangao wa Bei, koti jeusi juu ya kanzu. Alilisoma vizuri sana. Alipofika kwenye kusukumana aliinua kidole.

Idara ilikuwa na sababu zake. Kila bei ilipotaka kupanda, siku moja kabla madereva walikuwa washajua. Foleni ilianzia kituo cha mafuta cha Mpendae ikamwagika barabarani, watu na madumu yao, vespa zimejipenyeza kati ya magari, na tangazo lilipotoka hakukuwa na mtu wa kushangaa. Kila mtu yuko kwake, tangi limejaa, anakunywa chai. Hali hiyo kitaalamu iliitwa upungufu wa mshangao. Mitaani waliiita akili.

Bi Radhiya, Mkurugenzi Mkuu, akamwita ofisini.

"Siri inavuja, Mahfoudh. Ikivuja tena, cheo utakiacha hapa, na ufunguo wa gari utauacha hapa." Aligonga meza sehemu mbili tofauti, ili pasitokee mkanganyiko.

Cheo Mahfoudh angeweza kukiacha. Lakini ile gari! Nyeupe, ina kiyoyozi, na ina vipazia nyuma. Miaka yote Mashavu, mkewe, alipanda vespa kuukuu ya mumewe, buibui kalikusanya mapajani. Sasa akifika harusini hushuka taratibu, mguu mmoja kwanza, majirani wapate nafasi ya kuona. Kumrudisha kwenye vespa Mahfoudh hakuthubutu hata kufikiria.

Hatua madhubuti zikachukuliwa. Bei mpya ikawa inajulikana na watu wawili tu: anayeipanga, na Mahfoudh. Bi Radhiya na bodi yake nzima waliondolewa kwenye siri hiyo kwa heshima zote. Muuza kahawa aliyekuwa akipita ukumbini alitakiwa azungumzie mvua tu.

Foleni ikaja vilevile.

Ndipo Mahfoudh alipokwenda Mpendae kuchunguza mwenyewe, siku moja kabla ya bei kupanda. Na kwa kuwa keshafika, na bei anaijua, akaona si vibaya tangi lijazwe, kama ada yake. Kugeuka nyuma, magari yashapangana mpaka barabarani. Akashuka, akamwendea dereva wa teksi iliyokuwa nyuma yake, kijana aitwaye Ubwa.

"Assalaam alaykum. Nani kakwambieni bei inapanda?"

"Waalaykum salaam, mzee. Hatukuambiwa na mtu. Sie tunaangalia gari."

"Gari gani?"

"Si hiyo hapo yenye vipazia! Ikija ikajaza mpaka juu, kesho bei inapanda. Ikitia ya kufikia nyumbani tu, inashuka. Haijapata kusema uongo, wallahi. Ikionekana hapa tunapigiana simu mpaka Jambiani." Ubwa akamtazama vizuri. "Kwani ndo wewe mwenyewe? Mungu akuweke, baba. Watu wanakuombea dua."

Mahfoudh hakujua ashukuru au ashitaki.

Mwezi uliofuata bei ilikuwa inapanda tena, na safari hii vibaya. Mahfoudh aliingia kituoni mchana kweupe, kioo kakishusha, akatia ya kufikia nyumbani tu. Mji mzima ukashusha pumzi. Wenye madumu wakayarudisha uani. Asubuhi tangazo likatoka, na Unguja nzima ikashangaa kwa pamoja kama ilivyoombwa, ukitoa ule utulivu.

Mahfoudh akenda ofisini kupokea pongezi. Alimkuta Bi Radhiya amesimama na bodi nzima, viatu vyao vimejaa vumbi, wanajipepea kwa mafaili.

"Mahfoudh! Jana kwa nini hukujaza tangi?"

"Ili siri isivuje, Bi Mkurugenzi. Na haikuvuja."

"Na sie tulionyimwa bei, ulitaka tuijue wapi?" Sauti ilimpanda. "Dereva wangu kila mwezi anaiangalia gari yako. Bodi nzima inaiangalia! Sasa magari yetu yote yamo foleni na wenzao, matangi matupu, tumekuja kwa miguu!"

Bodi ilikaa hapo hapo na kumwondoa Mahfoudh kwa kosa la kutunza siri kupita kiwango cha cheo chake. Ufunguo aliuacha pale palipogongwa. Mashavu alilikusanya buibui akapanda vespa.

Mwezi mwengine, wakitoka sokoni, waliiona gari nyeupe ikikata kona kuingia kituoni. Mkuu mpya, Bwana Haitham, akatoa kichwa dirishani. "Jaza," alisema, "mpaka juu."

Mahfoudh aligeuza vespa bila hata ya kutoa ishara, akaikatia njia teksi ya Ubwa, akasimama nyuma ya vipazia. Nyuma ya Ubwa, vioo vimefungwa, Bi Radhiya naye keshapanga foleni.

"Mzee!" Ubwa alicheka. "Si ulitutaka tushangae?"

"Nshashangaa, mwanangu. Wewe kaa nyuma yangu."

Mashavu akatia mkono chini ya buibui, akatoa dumu tupu.

"Mwambie ajaze na hili," alisema.