Kivuli Chenye Meno

Kwa Shemeji, Meneja wa Kiwanda cha Uchapaji,

YAH: KIVULI KILICHOTOKA NA MENO

Salamu kwanza, ugomvi utafuata. Mimi mume wa dada yako, mchora mabango wa miaka ishirini na mwenye kitambi cha miaka hiyohiyo, naleta malalamiko kuhusu bango la duka lake la ushonaji, linalofunguliwa Jumamosi.

1. Nilichora jina la duka kwenye kompyuta, na nyuma yake kivuli laini kama hariri. Nilichora kwa robo ya ukubwa, nikaagiza mlikuze mara nne. Herufi zimetoka safi, kama zimekatwa kwa wembe. Kivuli kimetoka vigae.

2. Fundi wako wa mashine alinicheka mbele ya wateja: "Mzee, hiki kivuli au ngazi? Uliweka nukta ngapi kwa inchi?" Nukta za mtu ni siri yake. Haziulizwi hadharani.

3. Fundi huyohuyo akanifundisha: eti herufi ni mistari, hukua bila kuharibika, ila kivuli ni nukta, na nukta zikikuzwa huwa matofali. Kama mashine yenu inayajua yote hayo, ilinyamazia nini?

4. Dada yako alilitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Baba watoto, mimi nashona nguo, siuzi vigae. Hili halipandi mlangoni pangu." Tangu jana napewa chai bila neno.

Kwa hiyo naomba mashine ikiri kosa, fundi aniombe radhi, na bango lichapwe upya kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, barabara isogezwe hatua mia mbili, maana kwa mbali kivuli kinapendeza mno. Watakaosogea karibu wavue miwani.

Salamu kwa mkeo, watoto na mashine. Kwa fundi, bado natafakari.

Wako katika undugu na wino,
Shemeji yako

N.B. Baada ya kusaini nimefungua mipangilio ya faili. Nukta sabini na mbili. Niliziweka mwenyewe, kwani zikiwa mia tatu kompyuta yangu hukoroma kunishinda. Nilikusudia kuzipandisha kabla ya kuwaletea kazi, nikaandika ukumbusho kwa herufi kubwa na kuubandika ukutani. Faili lililorekebishwa nimeliambatanisha; nisaidie, chai bila neno haishuki. Na leo, nilipokosa karatasi ya kukuandikia, nilibandua iliyokuwa karibu. Geuza barua hii usome nyuma.