Panya Wangu Wananawiri

Jumatatu, 3 Juni

Daktari wa maabara kasema kati yetu vibarua wawili, mmoja tu ataajiriwa mwisho wa mwezi. Mimi au shemeji! Kaka wa mke wangu, alalaye sebuleni kwangu na kukoroma kama mwenye hati ya nyumba. Maabara imetugawia panya weupe, nusu kwa nusu. Wote wametiwa minyoo. Maji yao yana dawa ya kushusha kinga ya mwili. Nikaelewa jambo moja: atakayezika panya wachache ndiye mshindi.

Jumatano, 5 Juni

Wangu wamejikunyata, manyoya yamesimama. Mmoja mwenye sikio lililochanika ananitazama kama mgonjwa amtazamavyo muuguzi. Nikamwaga maji ya dawa kwenye sinki. Nikajaza ya bomba. Akili ni mali!

Jumatano, 12 Juni

Shemeji kazika watatu. Wangu wanakwea vizimba kama mafundi paa. Mezani nikamwuliza, kwa upole, kama huwa anawapa hata pole. Akajibu nisitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nikamwambia uzazi gani, mbona wanakufa tu! Mke wangu akaniomba nimwache kaka yake ale.

Ijumaa, 21 Juni

Siku ya vipimo. Panya wa shemeji wamejaa minyoo. Daktari akampa mkono! Wangu hawana hata mmoja. Nikasimama wima kungoja pongezi. Akaniuliza nimewapa nini. Mapenzi, Daktari. Akapima maji ya chupa. Akakaa. Akasema alitaka kuona minyoo ikikosa mpinzani, yaani kinga ya mwili, nami nimeirudishia mpinzani. Kazi yake yote imekwenda na maji. Panya wangu hawafai tena, wauawe leo. Nikasema jamani, ni wazima! Akasema ndilo kosa lao.

Nimewabeba mwenyewe. Mwenye sikio lililochanika alinusa kidole changu njia nzima.

Jumatatu, 24 Juni

Shemeji kaajiriwa. Mimi naosha chupa mpaka mwezi uishe. Nyumbani amehamia kwenye kiti changu. Mke wangu kajifanya haoni.

Wameletwa panya wapya, wa kulinganishia. Hawapewi minyoo wala dawa. Daktari kamkabidhi shemeji, kamwambia hawa ni lazima wanawiri. Wanawiri! Wazo langu lilelile, sifa kwa mwingine.

Hatasifiwa. Chupa zao naziosha mimi, na dawa iliyobaki najua ilipo.