Mkasi Ajiuzulu Kama Kawaida

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni, saa nne asubuhi, na rasharasha zilikuwa zikiidondokea Bustani ya Pelwick, magharibi mwa London, kwa kiasi ambacho wakazi wake hawakihesabu kuwa mvua.

Benchi la karibu na kibanda cha zana lilikuwa na watu wake wa siku zote. Kulia alikaa Clive Ormerod, daktari wa meno mstaafu, aliyeitwa Brigedia kwa ajili ya masharubu yake na sauti yake, ingawa jeshini hakuwahi kukanyaga. Kushoto alikaa Rosalind Tuke, yaani Mama Mboji, msimamizi wa lundo la mbolea, aliyeweza kukwambia nyumba ipi imekula mayai wiki hii na ipi imefunga mkanda. Katikati yao alikaa Hester Pilbeam, ambaye wote walimwita Mkasi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi kwa miaka mingi kuliko alivyopenda kutaja, hadi Alhamisi iliyopita.

"Mmeliona tangazo langoni?" Brigedia aliuliza, ingawa bustani ina lango moja na wote watatu walikuwa wamepitia hapo.

"Nimeliona," alisema Mkasi. "Limebandikwa vizuri sana. Limenyooka."

"Limenyooka! 'Wakazi mnaarifiwa kuwa Bwana Barry Sugden ndiye mwenyekiti mpya.' Mkasi, umepinduliwa mchana kweupe, unasifia gundi?"

"Sikupinduliwa, Clive. Nilijiuzulu mwenyewe."

"Si unajiuzulu kila mwaka!" Mama Mboji akadakia. "Kujiuzulu kwako ni kama Krismasi, mama. Tunavaa, tunakuja, tunakula, tunarudi kwetu na kila kitu kiko pale pale."

Hilo lilikuwa kweli. Kila mwaka, katika mkutano mkuu, Mkasi husimama na kusema kuwa amechoka na kwamba umefika wakati wa damu mpya. Ukumbi hunyamaza. Kisha Brigedia husimama na kunguruma, "La hasha, Hester!" Mama Mboji huguna kama aliyepewa habari ya msiba. Wengine husihi. Mkasi hutazama sakafu, huvuta pumzi, na kusema, "Haya, mwaka mmoja tu." Hakuna aliyewahi kuuandika utaratibu huo, kwa sababu hakuna aliyedhani kuwa kuna mtu asiyeujua.

Barry Sugden alihamia Pelwick mwezi wa Februari, akitokea Yorkshire. Huko kaskazini mtu akisema amechoka, huletewa kiti. Alhamisi mkutanoni, aliposikia mama wa watu amechoka, alinyoosha mkono na kusema, "Basi pumzika, mama. Nitaifanya mimi."

"Na wewe, Brigedia," Mama Mboji alisema, "ndio ulikuwa wapi? Kazi yako kwa mwaka mzima ni neno moja. La hasha! Basi. Umeshindwa hata hilo?"

"Nilikuwa nimeuma pai."

"Pai!"

"Ya jibini, na ilikuwa ya moto! Nikasema nimeze kwanza, nisije nikamtetea mtu huku namrushia makombo. Kumeza, jamaa kashasimama."

"Halafu ukapiga makofi."

"Kila mtu alipiga makofi! Mtu akijitolea unampigia makofi, ndivyo tulivyolelewa. Hata Mkasi mwenyewe alipiga."

"Nilipiga kwa adabu tu," Mkasi alisema.

"Ulipiga kuliko wote, mama," Mama Mboji alisema. "Mimi nilidhani umefurahi."

"Nimefurahi. Nimefurahi kabisa. Sasa nitapata nafasi ya kufanya mambo yangu."

"Mambo gani?" Mama Mboji aliuliza.

Mkasi akaifungua chupa ya chai, akawamiminia.

Mbele yao lilikuwa tuta la mawaridi. Mawaridi ya Juni hayamsubiri mtu. Maua ya Jumatano yalikwisha kunyauka, yakaning'inia yakiwa ya kahawia, mazito kwa maji. Mkono wa Mkasi ulikwenda wenyewe hadi mfuko wa koti, ulimolala mkasi wa kupogolea uliompa jina, na ukabaki humo.

"Kanuni ya sita," Brigedia alikumbusha kwa upole.

"Naijua kanuni ya sita. Niliiandika mimi."

Kanuni ya sita ilisema kuwa hakuna mkazi atakayekata jani, tawi wala ua isipokuwa mwenyekiti, au mtu mwenye idhini ya mwenyekiti. Mkasi aliitunga baada ya mkazi mmoja kuikata miyungiyungi yote kwa ajili ya harusi ya binti yake. Wakati ule alijiona mwerevu.

"Si ukamwombe idhini?" Mama Mboji alisema. "Unagonga mlango, unasema, 'Bwana Sugden, naomba nikate.' Kwisha."

"Nisingependa kumsumbua."

Mkasi hakuwaambia la zaidi. Madirisha ya nyumba yake yalitazama nyuma, kwenye mapipa ya taka na ukuta wa matofali. Tangu mumewe Gerald afariki, jambo la kwanza alilolifanya kila asubuhi, kabla ya chai, lilikuwa kushuka hadi kwenye tuta hili na kukata kilichonyauka. Alipenda kujua kuwa kuna mahali ambapo asipofika, tofauti itaonekana. Kwenda kuomba ruhusa ya jambo hilo kila siku, kama mgeni, hakuliweza.

"Na akija na mawazo yake je?" Brigedia aliendelea kupalilia moto. "Mtu wa kaskazini huyo! Nasikia anataka kupanda viazi vikuu vya rangi ya zambarau kwenye nyasi. Nasikia anataka kuweka kuku."

"Umesikia kwa nani?" Mama Mboji aliuliza.

"Nimesikia... nimewaza kwa nguvu."

Wakati huo lango lililia, na Barry Sugden akaingia. Alikuwa pande la mtu, amevaa koti la mvua la manjano. Wote watatu wakatabasamu kwa pamoja.

"Habari za asubuhi, Bwana Mwenyekiti!" Brigedia alisema kwa furaha kubwa. "Tulikuwa tukisema sasa hivi jinsi tulivyo na bahati ya kukupata."

"Bahati tupu," alisema Mama Mboji.

"Pongezi nyingi," alisema Mkasi.

Barry aliwatazama mmoja mmoja. "Jamani, naomba niulize kitu. Tangu Alhamisi watu wananipa pole dukani. Bibi wa ghorofa ya chini kanishika mkono, kanambia, 'Hukujua, mwanangu, hukujua.' Sikujua nini?"

Brigedia alizichunguza kucha zake.

"Mama Pilbeam, nikuulize wewe. Ulikuwa umechoka, au hukuwa umechoka?"

"Uchovu ni kitu kipana," Mkasi alisema.

"Unautaka uenyekiti wako, au huutaki?"

"Mimi nitaridhika na lolote litakalowafaa wakazi."

"Hilo si jibu, mama."

"Ni jibu zuri sana hapa," Mama Mboji alieleza.

Barry aligeuka. "Brigedia, wewe ni mtu mzima. Anautaka?"

"Ningesema hangekuwa na pingamizi kubwa endapo ingetokea kwamba isingekuwa usumbufu kwa—"

"Mungu wangu! Hivi nyinyi mkiungua moto huwa mnasemaje? 'Samahani, pana joto kidogo'? Mimi nilichukua kazi hii kumsaidia mama wa watu. Mawaridi siyajui. Nikiyatazama naona miiba tu. Kama nimeharibu, basi yaishe. Najiuzulu."

"La hasha, Barry!" Brigedia alinguruma.

Mama Mboji aliguna kwa uchungu. "Usituache, baba! Tutafanyaje bila wewe?"

Walikwisha kusema kabla hawajajua wanasema nini. Miaka yote ile ya mazoezi ilitoka vinywani mwao kwa mkupuo mmoja, safi, bila pai kuzuia. Brigedia aliuziba mdomo wake kwa kiganja.

Uso wa Barry ulilainika. Macho yake yakalowa kidogo. "Kweli?" alisema. "Mnanihitaji hivyo? Sikujua. Basi jamani, kama ni hivyo, sijiuzulu. Nabaki."

"Haya sasa," Mama Mboji alinong'ona. "Tumemzika Mkasi mara ya pili."

Brigedia alifungua mdomo ili arekebishe kosa. Alitafuta njia ya kumwambia mtu mwenye machozi kuwa wamembembeleza kwa mazoea tu, na adabu yote aliyofundishwa tangu utotoni haikuwa na njia hiyo. Akasema, "Vizuri sana," na akamkaribisha chai.

Mkasi aliyatazama mawaridi. Petali moja ya kahawia ilidondoka. Kisha alisimama, na chai ikamwagika.

"Nautaka!" alisema.

"Unataka nini, mama?" Barry aliuliza.

"Uenyekiti! Nautaka! Sijachoka! Sijawahi kuchoka hata siku moja! Nataka kazi yangu, nataka tuta langu, na sitaki kumwomba mtu ruhusa!"

Upande wa pili wa uzio, mwanamke aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto alisimama. Brigedia alivua kofia bila kujua sababu. Katika Bustani ya Pelwick hapakuwahi kusikika neno "nataka" kutoka kwa mtu aliyepita umri wa miaka minne.

Barry alicheka, cheko la kifua kizima. "Si ungesema! Chukua, mama. Ni wako." Kisha akawageukia wale wawili na kuwanyooshea kidole. "Na nyinyi msiseme kitu. Hata kuguna."

Hawakuguna.

Brigedia alikwenda nyumbani, akamwambia mkewe kuwa palikuwa na mgogoro bustanini na kwamba yeye ndiye aliyeutatua. Mama Mboji alikwenda kugeuza lundo lake, akicheka peke yake. Barry alivua koti la manjano, akashika ndoo, na kumfuata mwenyekiti kwenye tuta ili afundishwe tofauti ya ua na mwiba. Hester Pilbeam alikata hadi saa sita. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikwisha kufunguka, alivuka barabara, akagonga kwa jirani mpiga tarumbeta, ambaye yeye Hester amekuwa akimsifia kwa adabu miaka mingi, na akamwambia kuwa tarumbeta hiyo haipendi.