Mimi, Shemeji na Filimbi ya Kijito

Jumatatu, Machi 4
Mkunga wa zahanati yetu anahama. Yeye ndiye anayetuongoza sisi wa kujitolea kusafisha kijito, tangu enzi zile kilipokuwa kinanuka. Jumamosi atakagua kipande cha kila mtu. Mwenye kipande bora atarithi filimbi yake. Filimbi! Ikilia, watu wazima wanaacha umbea na kuinama kuokota plastiki. Naitaka mpaka usingizi umenipaa. Mpinzani wangu ni mmoja tu: Shemeji, kinyozi, kaka wa mke wangu. Kipande changu kinaishia darajani, chake kinaanzia hapo kuteremka. Maji yakitoka kwangu ndiyo yanaenda kwake, kwa hiyo mkubwa ni mimi. Nimemweleza mke wangu. Akaniuliza kama nimeshafua soksi.

Jumatano, Machi 6
Nimesugua mawe ya kijito. Yote! Yalikuwa na utelezi wa kijani, aibu tupu. Nimetumia brashi ya kufulia ya mke wangu (hajui). Kiuno sina. Lakini mawe yanang'aa kama vyombo vya wageni. Shemeji akapita, akaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba vidudu vya majini hula ule utelezi. Nikamjibu kwamba mimi natunza kijito, sifugi vidudu. Akacheka, akaenda zake. Wivu huo.

Alhamisi, Machi 7
Nimekwisha. Nimekutana na Mkunga dukani. Kumbe mawe hata hayaangalii! Atachota kwa wavu, amwage kwenye sinia jeupe, ahesabu vidudu. Vikiwa vingi, hasa vile vyenye mikia mitatu, basi maji ni mazima. Nikasema bila shaka, nani asiyejua hilo. Nikarudi mbio, nikainua jiwe moja baada ya jingine. Patupu. Hata kimoja cha kusingiziwa.

Ijumaa, Machi 8
Akili ni mali yangu! Shemeji ana vidudu tele, mimi sina. Jibu liko wazi. Adhuhuri, akiwa amebanwa na wateja kibandani kwake kando ya daraja, nikashuka chini ya daraja na ndoo. Nilipoinua kichwa, Shemeji huyo hapo juu, wembe mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wakauliza nafanya nini. Nikasema nachota maji ya maua. Mteja akasema nyumbani kwangu hakuna maua. Mtu hata kichwa hajamaliza, anafuatilia maua ya wenzake! Hata hivyo ndoo ilifika. Nimevimwaga vidudu vyote kwangu na kuvitakia makazi mema.

Jumamosi, Machi 9
Sitaki kuandika. Naandika. Mkunga alichota kwangu mbele ya watu wote. Kwenye sinia: ruba mmoja, na nyuzi za brashi. Mke wangu akazitambua nyuzi zake papo hapo. Kisha kwa Shemeji: sinia likachemka vidudu! Mkunga akasema hajawahi kuona wingi kama huo. Akaeleza kwamba jiwe lililosuguliwa halina pa kushika, kidudu husombwa mpaka kipate jiwe lenye utelezi. Yaani usiku kucha vilikuwa vikirejea kwao, na vyangu vichache vya asili vikafuata msafara. Filimbi akavishwa Shemeji. Nilipiga makofi huku machozi yananilenga. Iliniuma, kweli iliniuma. Halafu Shemeji akanishika bega, akasema kuanzia kesho tutatunza vipande vyote viwili pamoja, atanifundisha taratibu.

Jumapili, Machi 10
Nimelifikiria jambo hili usiku kucha. Anifundishe! Njama tupu, anataka kunichunga. Mke wangu anasema kaka yake ana roho nzuri na mimi nina kichwa kigumu, halafu nimnunulie brashi. Sawa. Lakini nimesikia Shemeji akitangaza kwamba mwezi ujao tutahesabu vyura wa kila kipande, na sasa nimetulia kabisa. Rafiki yangu fundi bomba ana dimbwi lililojaa vyura nyuma ya nyumba yake. Kidudu husombwa na maji, hilo nimekubali. Chura hasombwi. Chura ukimweka mahali, anakaa.