Tabibu wa Shingo za Magitaa

Nagumo Rikiya alikuwa anakula tambi za soba akiwa amesimama, kwenye kibanda cha stesheni ya Kanazawa, alipoliona tangazo. Lilibandikwa juu ya chupa za pilipili, kwa mwandiko wa mtu mzima asiye na haraka: "Chama cha Besi. Tunakutana kila Alhamisi mchana, ukumbi wa mtaa. Sote tumepita miaka sitini. Mvua imetuharibia magitaa na tutapiga Jumapili ijayo. Mwenye ujuzi atusaidie."

Nagumo aliacha kutafuna. Wazee, besi, mvua, na siku imekaribia. Alimalizia mchuzi kwa heshima, kama mtu aliyekwisha kushukuru kwa mlo unaofuata.

Mwezi wa sita, mvua ikianza kunyesha siku baada ya siku, mbao hunywa unyevu na shingo ya gitaa la besi hupinda kidogo. Basi nyuzi hukaa juu mno, au zinaanza kuvuma kama nyuki ndani ya kopo. Dawa yake ni ndogo. Ndani ya shingo kumepitishwa chuma chembamba; ukikigeuza robo mzunguko kwa kispana, shingo inanyooka na maisha yanaendelea. Kila fundi analijua hilo. Wanaojifunza hawalijui, wanadhani vidole vyao ndivyo vyenye kosa. Katikati ya wanaojua na wasiojua palikuwa na kijiuwazi, na Nagumo alikuwa amejenga humo nyumba yake. Mjini Fukui alimwambia daktari wa meno kwamba shingo ya gitaa lake imeoza uboho. Mjini Toyama alinunua besi nzima kwa bei ya chakula cha mchana, akaigeuza robo mzunguko garini, akaiuza kabla ya jioni.

Alikuwa fundi kweli, hilo nisimnyime. Alifundishwa miaka sita kwenye karakana, na mikono yake ilikuwa mizuri. Ulimi ndio ulioacha kazi mapema.

Alhamisi alivua viatu mlangoni, akavaa kandambili za ukumbi, akaingia na begi la vifaa. Aliwakuta watu watano na besi tano, wala hakuna chombo kingine.

"Mpiga ngoma yuko wapi?" aliuliza.

"Hatuna," alisema Bwana Kadowaki, mzee aliyepeleka barua za mtaa ule miaka arobaini. "Wala mwimbaji. Marehemu Inagaki alijua besi tu, kwa hiyo alitufundisha besi tu. Tukipiga, paka wa mtaa wanahama."

"Wanahama wewe ukipiga," alisema Bi Mineko, msusi. "Mimi wananisikiliza."

Mjane wa Inagaki, Bi Fusae, aliinuka polepole akamletea mgeni chai. Kisha akafungua sanduku la marehemu mumewe.

Nagumo aliweka kikombe chini bila kukinywa. Besi ile ilikuwa ya rangi ya asali iliyoungua, imekwanguka mahali mkono wa mtu mmoja ulipoegemea miaka mingi. Aliipindua, akatazama namba nyuma ya shingo. Akaifuta, akaitazama tena. Huko Osaka kulikuwa na mnunuzi wa vya kale ambaye angeitolea bei ya gari dogo jipya.

"Pole sana, mama," alisema, na uso wake ukashuka kama bendera ya msiba. "Shingo hii inakufa."

"Inakufa?" aliuliza Kadowaki. "Kwa mwendo ninaokufa mimi, au haraka zaidi?"

"Haraka zaidi, mzee. Nyuzi hizi nne zinavuta zaidi ya kilo sabini. Jumapili, mbele ya watu, itakatika. Kipande kinaweza kumpata mtoto usoni."

Bi Fusae aliweka mkono juu ya mdomo. Alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki na joto la mume wake, na kitu chenyewe kilikuwa hicho.

"Haina dawa, mwalimu?"

"Ingekuwapo ningekuficha? Lakini sikiliza. Nina besi mpya nyumbani, nyekundu, nyepesi. Nitakuletea Jumamosi, iwe yako, bure. Hii nitaipeleka mwenyewe hekaluni iombewe na kuchomwa kwa heshima, kama wanavyofanyiwa wanasesere wazee. Sitaki hata nauli."

Watu wazima watano waliinamisha vichwa. Muuza tofu, ile jibini ya soya, alikuwa mwanachama pamoja na mkewe; mke alitoa leso, na mumewe akaiazima.

"Una moyo," alisema Bi Fusae. "Basi, kabla hujaondoka, nikuombe kitu. Pima na za wenzangu. Isije ikafa nyingine."

Nagumo angeweza kukataa, lakini mtu anayetoa besi bure hawezi kunyima robo saa. Akakaa chini, akafungua begi.

Sijui kilimpata nini baada ya hapo. Labda ilikuwa mikono ikikumbuka karakana. Aligeuza ya Kadowaki robo mzunguko, akapiga jicho kwenye shingo kama anayelenga bunduki, akaongeza unywele mmoja.

"Mzee, hii unaiweka wapi nyumbani?"

"Ukutani, juu ya sufuria ya umeme ya wali."

"Juu ya mvuke? Unaipika! Ihamishe leo leo. Na nyie wote, mkimaliza kupiga mnalegeza nyuzi?"

"Mpaka zilale kabisa," alisema muuza tofu kwa fahari. "Zipumzike."

"Acheni. Nyuzi zinavuta huku, chuma kinavuta kule. Mkizilaza, chuma kinabaki peke yake na shingo inapinda kinyumenyume. Mnaamka asubuhi mnamlaumu nani?"

"Mke wangu," alikiri muuza tofu.

Akamfupishia mkanda mke wa muuza tofu, ambaye besi ilimning'inia magotini hata kiwiko kikakosa pa kukaa. Akawakatia sponji la kuoshea vyombo, akalibana chini ya nyuzi karibu na mwisho wake, sauti ikawa nzito na fupi, bila mkia. Alipofika kwa Bi Mineko akaona vidole vilivyovimba viungo.

"Nani alikuwekea kamba hizi za kufungia meli?"

"Dukani walisema nene ndizo za wapigaji wa kweli."

Nagumo alitikisa kichwa. Alitoa kwenye begi lake nyuzi nyembamba, mpya kabisa, akazifunga na kuzishusha mpaka karibu ziguse vile vijiti vya chuma vya juu ya shingo. Bi Mineko akabonyeza, akangoja maumivu, hayakuja. Alimtazama Nagumo kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Nagumo akajifanya anatafuta kispana.

Bi Fusae alimwongezea chai.

"Na yangu, mwalimu? Robo mzunguko haiwezi kuisaidia hata kidogo?"

"Yako imepita hapo, mama."

"Aa," alisema Bi Fusae. Alimtazama akiifuta kwa mara ya nne ile besi inayokufa, kwa kitambaa laini ambacho hakukitumia kwa nyingine. Kisha akaenda kuosha vikombe.

Jumamosi Nagumo alifika na besi nyekundu. Alikuwa ameinunua ya mkono wa pili na kuitengeneza usiku kucha, kwa sababu mwongo anayebadilishana vitu sharti chake kivutie. Bi Fusae aliijaribu. Ilisikika vizuri mno, hata Nagumo mwenyewe akajiuma mdomo.

Aligeuka kuchukua sanduku la zamani, akakuta limekwisha kufungwa. Lilikuwa juu ya meza fupi, limeviringishwa shuka jeupe na kufungwa mafundo manne, na mbele yake ubani unafuka. Wanachama wote walikuwa wamevaa nguo nyeusi.

"Tumekwisha kumwandaa," alinong'ona Kadowaki. "Nitasema maneno machache."

Alisema mengi. Alieleza jinsi marehemu besi alivyopiga katika ukumbi wa dansi wa hoteli ya maji ya moto, jinsi alivyowavumilia wanafunzi wasiojua kuhesabu mpaka nne, na jinsi alivyoondoka bila kumlalamikia mtu. Nagumo aliinama kila walipoinama. Miguu ilimfia ganzi kwa kupiga magoti.

Alitamani sana kufungua aone. Lakini angesema nini? Mwenyewe ndiye aliyetangaza msiba, na hakuna anayeomba kuchungulia jeneza la watu mbele ya wafiwa. Alilinyanyua kidogo. Uzito ulikuwa pale pale.

"Hii ni ya kasisi wa hekalu," alisema Bi Fusae, akimpa kwa mikono miwili bahasha ya rambirambi yenye kamba nyeusi na nyeupe. Nagumo aliiinamia chini kuliko mara zote.

Saa tisa alasiri alikuwa Osaka, mbele ya mnunuzi aliyekuwa amevaa glavu za pamba tayari. Mafundo yalimchukua dakika tano. Kifuniko kikainuka.

Ndani kulikuwa na jiwe la mtoni, lile la kukandamizia figili kwenye pipa la chumvi, limefungwa taulo lisikwaruze sanduku. Kando yake zimelala figili tatu ndefu, nyeupe, ndani ya mfuko.

Mnunuzi alizitazama kwa makini, kama alivyozoea.

"Za mwaka gani?" aliuliza.

Nagumo alirarua bahasha. Hamkuwa na pesa, ila karatasi.

"Mwalimu Nagumo. Mume wangu aligeuza robo mzunguko kila mwezi wa sita, miaka thelathini na moja, na mimi nilimshikia taa. Juzi niliigeuza mwenyewe, inalia vizuri. Uliwageuzia wote isipokuwa mimi, nikaelewa. Lakini Mineko amepiga saa nzima bila kulia, na hilo pia nimeliona. Nyekundu tutampa jirani aliyekosa chombo miaka miwili, anakushukuru mapema. Figili ni zako. Jiwe ni la mama mkwe wangu, naomba ulirudishe."

"Kuna tatizo?" aliuliza mnunuzi.

"Shingo," alisema Nagumo. "Ilikuwa nzima."

Kwenye stesheni ya Osaka aliliacha jiwe, na taulo lake, kwenye benchi, akaenda zake na figili. Hakufika hatua ishirini.

"Bwana! Bwana!" Mhudumu wa usafi alikuwa anamkimbilia, amelikumbatia. "Umesahau jiwe lako!"

Akashukuru. Akaliacha tena, safari hii chooni, nyuma ya mlango. Akapanda garimoshi la kwenda mbali kabisa na Kanazawa, akakaa, akafumba macho. Dirisha likagongwa. Alikuwa mfanyakazi wa stesheni mwenye kofia, jasho linamtiririka, na nyuma yake mama mmoja wa makamo akimwelekeza kwa kidole: ndiye yule, ndiye.

Mfanyakazi alipanda, akamwekea jiwe mapajani kwa mikono miwili, akarekebisha taulo.

"Kwenye taulo pameshonwa jina, Inagaki, na namba ya simu," alisema, akihema na kutabasamu. "Nimekwisha kuwapigia. Bibi ana wasiwasi, amesema umepanda garimoshi lisilo lako. La Kanazawa ni jukwaa la kumi na moja. Njoo, nitakubebea."